Nilivyosoma kozi ya teknolojia ya kufundishia mtandaoni, na jinsi wewe mwalimu unavyoweza kuisoma ikakusaidia darasani: mwongozo kamili

Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza sana kuhusu ile kozi ya teknolojia ya kufundishia niliyosoma mtandaoni, niliimalizaje na kazi zote hizi za shule, na ilinisaidia nini hasa. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Mimi nafundisha fizikia, darasa limejaa, vifaa vichache, intaneti inakuja inapojisikia, kwa hiyo nitakayosema hapa ni ya mwalimu wa mazingira hayo, kama kwenu kila mtoto ana tableti yake basi chukua yanayokufaa mengine ruka tu.

Jambo moja nalisema mapema maana hatua zote zinalitegemea: kozi haikufundishi kutumia teknolojia, inakupa vitu vya kwenda kujaribu, anayekufundisha ni darasa lako. Mtu anaweza akapita moduli zote, yaani sehemu zote za kozi, akajibu kwizi zote, akachukua cheti, halafu Jumatatu akaingia darasani akafundisha vilevile kama zamani. Wapo wengi tu.

HATUA YA 1: Anza na tatizo, kozi baadaye

Kabla hujajisajili popote chukua karatasi uandike kitu kimoja kinachokusumbua darasani, na ukiandike mpaka mtu mwingine akisoma aelewe unasemea nini. "Nataka niijue teknolojia", hapo hujaandika kitu. "Wanafunzi wakimaliza mada ya saketi bado wanaamini balbu ya kwanza inakula umeme na ya pili inapata mabaki", hilo sasa ni tatizo, tena walimu wa fizikia kila mahali wanalijua. "Nasahihisha mpaka usiku halafu mtoto anapata majibu wakati swali lenyewe ameshalisahau", hilo nalo tatizo. "Wanaonyoosha mkono ni walewale wa mbele", tatizo.

Nasisitiza hivi kwa sababu hizi kozi zina vitu vya kuvutia mno, wiki hii apu ya kutengeneza katuni, wiki ijayo ubao wa mtandaoni wa kuandika pamoja, nyingine mchezo wa maswali wenye muziki, na kama huna tatizo lako mkononi kila kitu utakiona kizuri na hutatumia hata kimoja. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Richard Clark, mwaka 1983 aliandika kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula dukani, lori halibadilishi lishe ya mtu, kinachobadilisha ni chakula kilichobebwa. Walimpinga, hasa Robert Kozma, aliyesema kuna vitu ambavyo chombo fulani kinaweza na kingine hakiwezi. Mimi naona wote wana hoja ila unapoanza kozi msikilize Clark kwanza. Fomu ya mtandaoni yenye maswali mabovu inabaki kuwa maswali mabovu, tofauti ni kwamba sasa yanasahihishwa haraka.

Hiyo karatasi itunze. Kila moduli ukiifungua unajiuliza, hii inagusa tatizo langu wapi? Isipogusa, pita haraka, fanya kwizi yao, songa mbele bila kujisikia vibaya.

HATUA YA 2: Kuchagua kozi

Hizi kozi kubwa za mtandaoni zilianza kuitwa MOOC mwaka 2008 lakini zilifumuka 2012, mwaka ambao Andrew Ng na Daphne Koller wa Chuo Kikuu cha Stanford walianzisha Coursera, na Harvard pamoja na MIT wakaanzisha edX. Mwaka huohuo Open University ya Uingereza ikaanzisha FutureLearn, na tayari tangu 2006 walikuwa na OpenLearn yenye kozi za bure. Kote huko utakuta kozi za walimu. Usipoteze wiki nzima kulinganisha majina makubwa maana chuo maarufu hakimaanishi kozi nzuri kwa mwalimu. Fungua ukurasa wa kozi, shuka mpaka orodha ya moduli, angalia kwanza kazi utakazopewa. Kama ni video na kwizi za kuchagua jibu mwanzo mpaka mwisho, achana nayo. Tafuta inayokwambia andaa somo, tengeneza maswali, rekodi maelezo mafupi, mpe mwenzako akusahihishe, yaani inayokulazimisha utoe kitu ambacho unaweza kuingia nacho darasani kesho yake.

Halafu muda. Wanaandika saa ngapi kwa wiki, na wewe kama unasoma kwa lugha ambayo sio yako ongeza nusu ya hizo saa. Angalia pia kama video zina maandishi kamili ya kila kinachosemwa, hayo maandishi ndio rafiki yako mkubwa, nitaeleza.

Pesa: kuna kozi za bure kabisa, kuna za bure kusoma ila cheti unalipia, na kuna zinazokupa siku za kujaribu halafu zinaanza kukata kwenye kadi kila mwezi, hizi za mwisho soma masharti yote kabla hujaweka namba ya kadi na uweke alamu kwenye simu siku moja kabla ya muda kuisha. Baadhi ya majukwaa yana utaratibu wa kuomba msaada wa ada, unaandika maelezo kwa nini unaihitaji kozi na utaitumiaje. Hapo ile karatasi ya tatizo lako inakusaidia kuliko maneno matamu.

Kozi ya zamani sio lazima iwe mbaya. Ikiwa inafundisha bonyeza hapa bonyeza pale, ikipita miaka michache menyu zote zimehama na utahangaika. Ikiwa inafundisha namna ya kuuliza swali zuri au kutoa mrejesho, hiyo haizeeki.

HATUA YA 3: Andaa simu na mafaili

Hii fupi. Tumia barua pepe moja kwa kila kitu cha kozi, nywila iandike mahali unapopajua. Apu ya kozi iweke kwenye simu, ingia kwenye setingi, chagua video zipakuliwe kwa Wi-Fi tu na kwa ubora wa chini, maana mwalimu anayeongea mbele ya kamera haongezi maarifa ukimwona kwa ubora wa juu. Ukipata mtandao mzuri pakua moduli nzima na yale maandishi ya video. Tengeneza folda moja, ndani yake folda mbili tu: "za kusoma" na "za darasani". Mwisho wa kozi ukikuta ya kwanza imejaa na ya pili ina faili moja, jibu unalo.

HATUA YA 4: Ratiba, na kwa nini usisubiri likizo

Wanaoacha ni wengi kupita maelezo. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha uchambuzi kwenye jarida la Science mwaka 2019 kuhusu kozi za Harvard na MIT zilizokuwa edX, na kwa mwaka 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya wote waliojisajili. Waliolipia cheti walimaliza karibu nusu. Sio kwamba hao wengine wote ni wavivu, wengi wanajisajili kuchungulia tu, lakini takwimu hiyo inakuonyesha kwamba nia peke yake haimfikishi mtu.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni soma wakati wa likizo, una muda. Mimi siukubali. Likizo una muda ila huna wanafunzi, utajifunza kutengeneza kwizi na hakuna wa kuijibu, mpaka shule ifunguliwe umeshasahau na hamu imeisha. Anza shule zikiwa zimetulia, sio wiki ya kwanza ya muhula na sio karibu na mitihani. Moduli za nadharia tupu ndio unaweza kuzisukuma wikendi au likizo fupi.

Tafuta mwalimu mmoja msome pamoja, akiwa wa somo lingine ndio vizuri zaidi maana mtalazimika kuelezana. Sio lazima mkae pamoja, mnatumiana ujumbe tu, umefika wapi, umejaribu nini, kimekwamaje. Mimi nilikuwa nasoma na mwenzangu wa lugha na kiukweli yeye ndiye aliyenifanya nisiishie njiani, kuna mtu kesho atakuuliza.

Muda wa kusoma uwe mfupi na wa kudumu. Nusu saa asubuhi kabla watoto hawajafika inashinda saa tatu za usiku ukiwa umechoka, usiku unaangalia video kama taarifa ya habari, inapita tu.

HATUA YA 5: Kutazama video ili zibaki kichwani

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua mamilioni ya vipindi vya watu kutazama video za edX wakaona watu hukaa na video kwa kama dakika 6 hivi, iwe video ndefu kiasi gani. Hilo lina faida mbili kwako. Kwanza video ya dakika 20 igawe mwenyewe, simamisha kila dakika 5 au 6. Pili kumbuka siku utakayorekodi yako kwa ajili ya wanafunzi.

Ukisimamisha, usirudi nyuma kutazama tena. Funga skrini, chukua daftari, andika unachokumbuka bila kuchungulia, halafu ndio uangalie ulichoacha. Inauma kidogo na inaonekana kama unapoteza muda lakini ushahidi wake ni mzito. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi, kundi moja likayasoma tena na tena, lingine likasoma kisha likajipima kukumbuka. Wakiulizwa dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yakageuka, waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na hii sio ya kwako wewe peke yako, ukiielewa hapa ndio sababu kubwa ya kutumia kwizi darasani. Kwizi sio ya kutoa maksi tu, kitendo cha mtoto kujikumbusha ndio kujifunza kwenyewe.

Yale maandishi ya video sasa. Kama lafudhi ya mhadhiri inakupiga chenga, yasome kwanza haraka, zungushia maneno usiyoyajua, kisha tazama video. Utashangaa inavyokwenda upesi. Kupaka rangi kila sentensi kwa kalamu ya manjano haisaidii sana, andika maneno yako mwenyewe pembeni.

HATUA YA 6: Nadharia mbili utakazokutana nazo

Karibu kila kozi itakuletea TPACK na SAMR, na walimu wengi hapo ndio wanasinzia. TPACK ni ya Punya Mishra na Matthew Koehler, 2006, nao walijenga juu ya kazi ya Lee Shulman ya 1986. Wanasema mwalimu anahitaji kujua somo lake, kujua kufundisha, na kujua chombo, na ugumu uko pale vitatu vinapokutana. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kukuonyesha projekta inavyowashwa lakini hajui kwamba watoto wanadhani umeme unaliwa na balbu. Wewe unajua. Kwa hiyo usijidharau mbele ya kijana anayebonyeza haraka, wewe una theluthi mbili za mzigo tayari.

SAMR ni ya Ruben Puentedura, ina ngazi nne: kuweka teknolojia badala ya kitu cha zamani bila kubadilisha chochote, kuweka na ikaongeza faida kidogo, kubadilisha kazi yenyewe, na kuunda kazi ambayo zamani isingewezekana. Ni nzuri kwa kujiuliza maswali ila ina tatizo, inafanya mtu aone ngazi ya juu ndio bora kila wakati. Sio kweli. Kusahihisha kwa fomu badala ya kalamu ni ngazi za chini, lakini kama inakurudishia jioni zako na mtoto anapata jibu hapohapo, hiyo ni faida kuliko mradi mkubwa wa video ambao watoto wanne wameufanya na waliobaki wametazama.

HATUA YA 7: Kila wiki kitu kimoja kiingie darasani

Hapa ndio penyewe, ukisoma hatua moja tu soma hii. Sheria ni kwamba hufungui moduli inayofuata mpaka umejaribu kitu kimoja kutoka moduli uliyomaliza, hata kwa dakika 10, hata kwa darasa moja tu. Kozi ikiwa na tarehe za mwisho zinazokubana, songa ila hicho kitu kiwe kimeingia ndani ya wiki. Nitakupa mifano mitatu kamili nilivyofanya, ubadilishe kulingana na somo lako.

Mfano wa kwanza, projekta moja na kompyuta moja. PhET ni simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za bure za sayansi na hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata tuzo ya Nobel ya fizikia. Zina tafsiri za lugha nyingi, na nyingi unaweza kuzipakua ukazifungua baadaye bila intaneti. Mimi nilichukua ile ya kuunganisha saketi. Sasa walimu wengi wanafanya hivi: wanawasha, wanaunganisha waya, balbu zinawaka, watoto wanasema waaa, somo limeisha. Hapo mmetazama sinema.

Fanya hivi. Usiwashe kitu. Chora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofanana kwa mfuatano, weka amita (kipima mkondo) kabla ya balbu ya kwanza, nyingine katikati, nyingine baada ya balbu ya pili. Uliza: amita ipi itasoma mkondo mkubwa zaidi? A ya kwanza, B ya mwisho, C zote sawa. Kila mtu aandike jibu lake kimya, asiongee na mtu. Kisha wapige kura, wanaweka vidole kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, kifuani ili jirani asiige. Hesabu kwa macho. Halafu waambie kila mmoja amgeukie mwenzake mwenye jibu tofauti amshawishi, dakika 2 au 3. Piga kura tena. Baada ya hapo ndio unafungua simulesheni, na utaona wanavyoinuka kwenye viti maana kila mtu ana jibu lake anataka kuona kama limesimama. Amita zote tatu zinasoma sawa. Usieleze haraka, waulize wao kwa nini.

Utaratibu huu wa kura, mjadala, kura aliueneza Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, kuanzia miaka ya 1990. Ukiona kura ya kwanza wamepata wachache sana usiwaache wajadiliane, watabadilishana makosa, rudi ufundishe. Wakipata karibu wote, songa mbele. Wakiwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili hivi, hapo mjadala unazaa matunda. Na ona kwamba teknolojia yenyewe imetumika dakika chache mwishoni, zaidi ya nusu ya kazi ni ubao na vidole.

Mfano wa pili, simu moja ya mwalimu tu. Kuna apu inaitwa Plickers. Unachapisha kadi zenye alama kama fumbo, kila mwanafunzi ana yake yenye namba, anaizungusha mpaka herufi ya jibu lake, A, B, C au D, iwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani na inasoma kadi zote, nani kajibu nini. Watoto hawahitaji kifaa chochote. Faida yake kuliko vidole ni kwamba inakutunzia kumbukumbu, na wale wa nyuma wasionyoosha mkono sasa wanajibu kila swali. Kadi chapisha kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, zinazong'aa zinasumbua kamera, na mtoto asifunike alama kwa vidole.

Mfano wa tatu, fomu ya maswali ya mtandaoni, na hapa nataka nikae kidogo maana kozi nyingi zinakuonyesha pa kubonyeza halafu zinaacha jambo lenyewe. Fomu inajisahihisha, sawa, lakini uzuri wake uko kwenye majibu ya uongo unayoyaweka. Kila jibu la uongo liwe limetokana na kosa ambalo watoto wanalifanya kweli. Mfano: betri ya volti 12, rezista za ohmu 2 na ohmu 4 kwa mfuatano, mkondo ni kiasi gani? Jibu ni ampia 2, kwa sababu jumla ni ohmu 6, na 12 gawanya kwa 6 ni 2. Majibu ya uongo niliweka 6, 3 na 9. Aliyechagua 6 ametumia rezista ya kwanza tu, aliyechagua 3 ametumia ya pili tu, aliyechagua 9 amefanya kama zimeunganishwa sambamba. Ukifungua grafu ya majibu huoni tu nani kapata nani kakosa, unaona wanafikiri nini, na kesho yake unajua uanzie wapi. Kama ningeweka 5, 7 na 11 za kubuni tu, ile grafu ingekuwa pambo.

Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika maelezo yanayotokea mtoto akikosea. Ijaze. Usiandike "jibu sio sahihi", hilo analiona, andika "umetumia rezista moja, angalia tena mkondo unapita wapi". Ni kazi mara moja na unaitumia mwaka kwa mwaka.

Wanafunzi wasio na intaneti nyumbani usiwasahau, fomu ikiwa kazi ya nyumbani utawaacha nje. Ama ifanyike shuleni kwa zamu au toa maswali yaleyale kwa karatasi. Kama shule ina kompyuta moja nzuri tu, muulize anayeelewa mambo ya mtandao kuhusu programu inaitwa Kolibri, inawekwa kwenye kompyuta moja na vifaa vingine vya humohumo vinasoma masomo kutoka kwake bila intaneti. Walimu wa hesabu wana GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, nayo ukishaiweka inafanya kazi bila mtandao.

Ukirekodi maelezo yako mwenyewe, dakika 5 zinatosha, wazo moja kila rekodi. Simu iegemeze mahali isitikisike, chumba kisicho na mwangwi, na usisome maandishi yaliyo kwenye slaidi neno kwa neno. Utafiti wa Richard Mayer kuhusu picha na sauti unaonyesha kwamba ukionyesha picha, ukaieleza kwa sauti na kuweka maneno yaleyale kwenye skrini, mara nyingi unamwelemea mwanafunzi. Weka mchoro, uongee wewe. Na kama data ni tatizo, sauti peke yake pamoja na picha moja ya ubao inabebeka kwenye simu yoyote, mimi hii ndio naitumia zaidi kuliko video.

HATUA YA 8: Kazi za kozi na kusahihishana

Asaimenti usiandike somo la kufikirika la shule ya ndoto. Waambie ukweli, wanafunzi wangapi, kifaa gani, umeme unakatika. Wanaosoma kozi na wewe wako nchi mbalimbali na wakijua hali yako wanakupa mawazo yanayofaa. Ukisahihisha ya mwenzako usiandike "kazi nzuri sana", andika kitu kimoja ambacho mwanafunzi wake angekwama, na ungefanyaje. Utakachojifunza kwa kusahihisha ni kingi kuliko maksi utakazopewa, maana maksi za kusahihishana hazitabiriki, mmoja anakupa zote mwingine anakupa nusu kwa kazi ileile. Usipigane nazo.

HATUA YA 9: Taarifa za watoto, kazi za watu, na akili mnemba

Kila apu mpya jiulize inataka nini kwa mtoto. Kama inataka jina kamili, barua pepe au picha, na unaweza kuitumia bila hivyo, tumia namba au herufi za mwanzo. Huduma nyingi zinataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, soma masharti, na uongozi wa shule na wazazi wajue kabla. Usirushe sura za wanafunzi kwenye asaimenti yako ya kozi, watu usiowajua wataziona.

Picha na vitabu vya mtandaoni, tafuta vyenye leseni za Creative Commons. CC BY unatumia ukimtaja aliyeitengeneza, ikiongezwa SA na kazi yako uliyotengeneza kutokana nayo uitoe kwa leseni hiyohiyo, NC sio ya biashara, ND usiibadilishe. Yenye ND huruhusiwi kuitafsiri ukaisambaza, hilo walimu wengi wanalisahau.

Akili mnemba kama ChatGPT inaweza kukuandalia maswali 20 upesi sana, lakini majibu yake yahesabu mwenyewe kwa kalamu, na majibu ya uongo inayotoa mara nyingi ni ya kubuni tu, haijui watoto wako wanakosea wapi. Mimi naiomba itoe rasimu, makosa naweka ya kwangu kutoka madaftari ya wanafunzi.

HATUA YA 10: Kupima, na cheti

Rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya 1. Kabla ya kuanza kutumia mbinu mpya toa maswali machache yanayogusa lile tatizo, wiki kadhaa baadaye toa mengine yanayofanana nayo, linganisha. Sio utafiti wa kisayansi, unafundisha na kupima mwenyewe, lakini itakuonyesha kama kuna kilichosogea au umepata kelele tu darasani. Waulize na wanafunzi, kwa karatasi bila majina: kipi kilikusaidia kuelewa, kipi tuache. Watakwambia, tena bila huruma. Wa kwangu waliniambia mchezo wa maswali wenye saa inayokimbia unawafanya wabahatishe, nikauacha, kura za vidole wakasema ziendelee.

Kitu kikishindwa mara mbili au tatu kwa sababu za mtandao au vifaa, kiweke kando, chukua kingine, usiwe mtumwa wa apu. Mimi nimebaki na vitu vichache tu kutoka kozi nzima, simulesheni, kura, fomu na rekodi za sauti, na vinatosha kabisa kwa sasa.

Cheti kikija kipakue hapohapo, hifadhi nakala mahali pawili, na linki ya kukithibitisha iandike kwenye wasifu wako. Ukienda kuomba nafasi au kupandishwa daraja nenda nacho pamoja na ile folda ya "za darasani": somo ulilofundisha, fomu yenye grafu ya majibu bila majina ya watoto, na maelezo ya ukurasa mmoja ulibadilisha nini baada ya kuiona. Kama mwajiri wako anatambua kozi za mtandaoni au hatambui, uliza ofisini kwake kabla hujalipia, usiulize baada.